Yakini na Shaka katika Tairi la Ranifleti

Tairi la ranifleti ni tairi lisilolala likiishiwa upepo. Ubavu wake umeongezewa mpira mnene na mgumu kwa ndani, hivyo hata upepo ukitoka wote, ubavu huo peke yake hubeba gari bila ringi kugusa lami. Kiwango kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Katika masafa hayo dereva hana haja ya kusimama gizani, kutoa jeki na kuhangaika na nati. Anaendelea polepole hadi gereji. Ndiyo maana magari mengi yanayotoka kiwandani na matairi haya hayana spea wala mahali pa kuiweka.

Swali huja gari likishafika gereji. Msumari umeng'olewa, tundu halizidi punje ya mtama, na tairi limesimama kana kwamba halikupatwa na kitu. Lizibwe lirudi barabarani, au litupwe? Kwa fundi hilo ni swali la kazi ya siku. Lakini ndani yake mna jambo ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelihangaikia kwa karne nyingi: mtu afanye nini pale ambapo uzima wa kitu hauonekani kwa macho, na roho za watu zinautegemea?

Wazo la tairi la aina hii si geni. Kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitoa Denovo katika miaka ya 1970. Gari la Porsche 959 la miaka ya 1980 lilivaa ya Bridgestone, na Chevrolet Corvette ya mwaka 1997 ikauzwa bila spea kabisa. BMW ndiyo iliyoyaeneza zaidi kuanzia miaka ya 2000. Kwa njia ya magari yaliyotumika kutoka Japani na Uingereza, matairi haya yamefika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na si ajabu mnunuzi akaendesha miezi kadhaa bila kujua anakanyagia nini, mpaka siku anapofungua buti akitafuta spea asiione.

Tairi la kawaida ni mkweli. Likipata pancha hulala, usukani ukavuta upande mmoja, na hata mpita njia akapunga mkono kumwonya dereva. Ranifleti halina ukweli huo. Linasimama likiwa tupu, na dereva asiye na kifaa cha kumwambia anaweza kwenda nalo kazini na kurudi akidhani mambo ni shwari. Kwa sababu hiyo matairi haya hayafungwi ipasavyo kwenye gari lisilo na kihisi cha upepo na taa yake kwenye dashibodi. Sheria zimeelekea huko huko kwa matairi yote. Baada ya kampuni ya Firestone kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani mwaka 2000, kwa kuwa kashata zake zilikuwa zikibanduka gari likiwa kwenye mwendo, Bunge la huko lilipitisha sheria iliyozaa sharti la kihisi kwa magari madogo mapya, likatimia Septemba 2007. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kwa magari madogo mapya yote kuanzia Novemba 2014. Kwa maneno mengine, tairi limepewa shahidi wa nje kwa sababu lenyewe halisemi.

Kinachotokea ndani ya tairi tupu ndicho kiini cha shauri zima. Tairi la kipimo cha 205/55 R16 lina mzingo wa karibu mita 2. Kwenda nalo kilomita 80 ni kulizungusha mara 40,000 hivi, na katika kila mzunguko ubavu hujikunja chini ya uzito wa gari kisha ukajikunjua, kama waya unaopindwa huku na huku mpaka ukatike. Mpindo huo huzaa joto. Joto likizidi, mpira uliopikwa kwa salfa, kwa ufundi ambao Charles Goodyear aliugundua mwaka 1839, huanza kupoteza nguvu, na nyuzi za poliesta au rayoni zilizofumwa ndani yake huachana na mpira uliozishika. Gari lililojaa abiria na mizigo, jua la mchana na barabara yenye mashimo huharakisha yote hayo. Kilomita 80 za kwenye karatasi hazikupimwa kwa kila mzigo na kila barabara.

Tairi likivuliwa kwenye ringi, fundi hupitisha kiganja ndani yake taratibu, kama anayepapasa mtungi kutafuta ufa. Kiganja kikitoka na unga mweusi kama masizi, mpira umesagika. Akiona mikunjo iliyozunguka ubavu mzima kama mistari ya shingo ya mzee, au rangi iliyogeuka kuwa ya samawati, au maandishi ya nje yaliyolika kwa kukwaruza lami, hana haja ya kuendelea. Tairi hilo limekwisha, na tundu la msumari halina tena maana yoyote. Tabu iko pale asipoona kitu. Nyuzi zinaweza kuwa zimechoka bila mpira wa juu kuonyesha alama, na hakuna chombo katika gereji ya kawaida kinachoweza kuzisoma. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inadhani ufa unaonekana. Hapa ufa ni jambo la kukisiwa.

Utaratibu wa kuziba pancha unaokubalika Marekani na Uingereza ni mkali hata kwa tairi la kawaida. Tundu lisizidi milimita 6, liwe sehemu ya kati ya kashata na si begani wala ubavuni. Tairi livuliwe, likaguliwe ndani, kisha lizibwe kwa kiraka chenye shina, umbo la uyoga, kinachojaza tundu na kufunika ukuta wa ndani kwa pamoja. Utambi wa mpira unaosukumwa kutoka nje huku tairi likiwa bado kwenye gari, kazi ya dakika tano chini ya mwembe, hauhesabiwi kuwa matengenezo ya kudumu. Kwa ranifleti una ubaya zaidi: ushahidi pekee uliobaki umo ndani, na utambi unaufungia humo humo.

Liko na jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii. Ubavu mgumu wa ranifleti haukubali kuvuliwa kwa mataruma na nyundo. Unahitaji mashine yenye mkono wa kusaidia kubana, na fundi aliyezoea. Tairi linaloingia gereji likiwa zima linaweza kutoka na waya wa ukingo uliovunjika, kwa kazi ile ile ya kulikagua.

Watengenezaji wenyewe hawako kauli moja. Wapo wanaokataa ranifleti lolote lizibwe, na wapo wanaoruhusu mara moja tu kwa masharti, la kwanza likiwa kwamba tairi halikutembea bila upepo. Ni rahisi kumshuku anayekataa kwamba anataka kuuza tairi jipya, na shaka hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo pande zote mbili zinajua mpira ni nini na joto hufanya nini. Zinapotofautiana ni katika hukumu: mzigo wa kutojua aubebe nani? Swali hilo si la kiwandani.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli ya kusafirisha wahamiaji anayejua kuwa meli yake ni kuukuu na imetengenezwa mara nyingi. Shaka inamjia, lakini matengenezo ni ghali. Anajiliwaza kwamba imekwenda na kurudi salama mara nyingi na kwamba Mwenyezi Mungu atawahifadhi wahamiaji wale, mpaka shaka ikamtoka kabisa. Anaiaga kwa moyo mweupe. Meli inazama, naye anapokea bima yake. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na unyofu wa imani yake haumsaidii, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo zito: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Hatia haikuzaliwa na mawimbi. Ilizaliwa pale alipoinyamazisha shaka badala ya kuichunguza.

Mfano huo unalifaa tairi kuliko unavyoifaa meli. Mwenye gari aliyeona taa ikiwaka asubuhi, akaipuuza, akaenda nayo mpaka jioni, akifika kwa fundi husema ameiona sasa hivi tu. Husema hivyo bila nia mbaya. Ni kauli nyepesi, na inaokoa pesa nyingi. Lakini fundi hana chanzo kingine cha habari. Historia ya tairi iko katika kinywa cha mtu mwenye maslahi, na kila hukumu inayofuata imejengwa juu ya ushahidi huo.

Fikihi ya Kiislamu, hasa ya madhehebu ya Shafi inayofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, ina kanuni iliyo mojawapo ya nguzo zake tano kuu: yakini haiondolewi na shaka. Mwenye udhu akishuku kama umetenguka, udhu wake uko pale pale. Mtu angeweza kusema basi na tairi ni hivyo hivyo: lilikuwa zima kwa yakini, madhara yake ni ya kushukiwa, kwa hiyo lihesabiwe zima. Hoja ina mvuto, na mafundi wengi huifuata bila kuitaja.

Lakini wanazuoni hao hao wanaifungua kwa suala la usingizi. Aliyelala udhu wake hutenguka, ijapokuwa hakuna anayejua kama kulitoka kitu. Usingizi hauhukumiwi kwa ubaya wake wenyewe. Unahukumiwa kwa sababu ndiyo hali ambamo jambo huweza kutokea mwenyewe asijue. Kwa hiyo hali yenyewe imewekwa mahali pa yakini. Anayebaki na udhu katika madhehebu ya Shafi ni yule aliyelala ameketi, makalio yameshika imara alipokalia, kwa kuwa dhana imemwondokea. Ranifleti lililokwenda bila upepo ni kama mlalaji. Halijulikani lilipatwa na nini, na kutojulikana huko ndiko kunakolihukumu. Lililopungukiwa upepo kidogo, taa ikawaka na dereva akasimama papo hapo, ni kama aliyesinzia ameketi.

Kanuni nyingine mbili zinasukuma upande huo huo. Kuepusha madhara hutangulizwa kuliko kuvuta manufaa, na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Hii ya pili inaeleza tairi lenyewe vizuri kuliko kitabu cha maelekezo ya gari. Kilomita 80 ni ruhusa ya dharura. Kama anayekufa njaa jangwani anavyoruhusiwa kula mzoga kwa kiasi cha kuokoa roho, ndivyo dereva alivyoruhusiwa kufika mahali pa salama. Aliyefika kisha akaendelea kutembelea tairi lile lile kana kwamba ruhusa bado ipo, amegeuza dharura kuwa desturi.

Katika Ukristo wa Magharibi mjadala ulichukua sura nyingine. Mwaka 1577 Mdominikani Bartolomé de Medina, mwalimu wa Salamanca, alifundisha kwamba rai yenye uwezekano inaweza kufuatwa hata kama rai inayopingana nayo ina uwezekano mkubwa zaidi. Mafundisho hayo yalienea sana, hasa kwa Wajesuiti, na walioyavuta mno walifika mahali pa kuruhusu karibu kila kitu, mradi mwanazuoni mmoja amekisema. Blaise Pascal aliwacheka vikali katika barua zake za mwaka 1656 na 1657. Papa Innocent XI alilaani ulegevu huo mwaka 1679. Lakini mwaka 1690 Papa Alexander VIII alilaani pia ukali wa waliodai kwamba mtu hana ruhusa kufuata hata rai yenye uwezekano mkubwa kuliko zote ikiwa si iliyo salama kabisa. Kanisa lilikataa pande zote mbili, na inafaa wanaotupa kila tairi lenye pancha walikumbuke hilo. Tairi la gari dogo ni kilo kumi hivi za mpira, chuma na nyuzi. Kulitupa likiwa zima, kwa woga uliovaa kanzu ya uadilifu, nako kuna gharama yake kwa mfuko na kwa jalala.

Hata hivyo watetezi wa Medina walikubali mipaka, na mpaka ulio wazi zaidi ulikuwa uhai wa mtu mwingine. Mfano wao wa kawaida ni mwindaji anayeona kichaka kikitikisika. Hajui kama ni mnyama au binadamu. Hata kama kila dalili inasema ni mnyama, hana ruhusa ya kuachia mshale, kwa sababu uwezekano wa rai yake hauwezi kumzuia mtu aliye kichakani asife. Anayeendesha peke yake juu ya tairi la kushukiwa anaweza kujadiliana na dhamiri yake mwenyewe. Aliyempakia mtoto nyuma, au anayepishana na pikipiki katika barabara nyembamba, yuko mbele ya kichaka.

Kitabu cha Kutoka kinatenga hali mbili kuhusu ng'ombe anayepiga watu pembe. Akiua kwa mara ya kwanza, ng'ombe hupigwa mawe na mwenyewe haguswi. Lakini ikiwa alikuwa na tabia hiyo na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, hukumu humfikia naye. Kilichogeuza hukumu ni maonyo. Taa iliyowaka kwenye dashibodi ni maonyo ya namna hiyo. Tairi linalopasuka bila dalili yoyote ni ajali. Linalopasuka baada ya kupewa ilani, likazibwa kwa utambi na kusahauliwa, linahitaji jina jingine.

Fundi naye hawezi kunawa mikono. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inasema anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Kwa kukisia juu ya msingi huo, anayevua ranifleti kwa mataruma akijua hajui, amechukua dhamana ambayo mteja hakumwambia aichukue. Mafundi waangalifu hukataa kazi hiyo na kumwelekeza mteja kwenye gereji yenye mashine, wakipoteza ujira wa siku. Uaminifu wa namna hiyo hautangazwi redioni.

Mwenye dhamana kubwa kuliko wote ni muuza matairi yaliyotumika. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Mtume alipita kwenye lundo la nafaka sokoni akaingiza mkono ndani yake, vidole vikagusa umajimaji. Mwenye bidhaa akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akasema mwenye kughushi hatokani nami. Mvua haikuwa kosa la muuzaji yule, kama msumari usivyo kosa la muuza matairi. Kosa ni kuiacha iliyokauka juu. Ranifleti lililotembea tupu kisha likapigwa rangi nyeusi ya kung'aa na kupangwa nje ya duka ni lundo hilo hilo, na mkono wa mnunuzi haufiki ndani kwa sababu tairi limekwisha kuvalishwa ringi. Ndiyo maana sheria ya biashara ya Kiislamu ilimpa mnunuzi khiyari ya aibu, haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa. Ila haki hiyo humfaa aliyeigundua kasoro akiwa hai.

Pingamizi zito kuliko yote ni umaskini. Ranifleti ni ghali kuliko tairi la kawaida, na aliyenunua gari la miaka kumi na tano kwa mkopo hawezi kubadilisha tairi kila anapokanyaga msumari. Kumwambia afuate rai iliyo salama ni rahisi kwa asiyelipa. Lakini pingamizi hili linathibitisha kwamba mtu huyo anahitaji njia nyingine. Halithibitishi kwamba tairi ni zima. Na njia ipo. Wengi huvua ranifleti zote nne, wakafunga matairi ya kawaida ya kipimo kile kile na uwezo ule ule wa mzigo, wakabeba spea na jeki kwenye buti. Wanapoteza kilomita 80 za neema, na wanapata tairi linalosema kweli likipata pancha.

Hukumu basi ni hii. Ranifleti lililotobolewa katikati ya kashata kwa tundu lisilozidi milimita 6, ambalo dereva wake alisimama kabla upepo haujaisha, likavuliwa kwa mashine, likaonekana safi ndani na kuzibwa kwa kiraka cha uyoga, linaweza kurudi barabarani mara moja tu ikiwa mtengenezaji wake anaruhusu. Lililotembea bila upepo, au ambalo hakuna anayeweza kueleza lilitembeaje, halizibwi. Na kabla ya kwenda jalalani likatwe ubavu kwa msumeno, asije mtu akaliokota na kuliuza.